Gari Lililolala Chini ya Chumvi

Wazo la chumvi lilikuwa langu. Naliandika mwanzoni kabisa ili mtu asije akasema nilimsingizia mwingine.

Wakati wa vita ya kwanza, ile iliyomwangusha rais wa muda mrefu, askari wa serikali walipokuwa wakikimbia kutoka kusini, walipita Kanyabayonga na Lubero wakichukua kila chenye magurudumu. Habari zao zilifika kwetu Butembo kabla yao. Jirani mmoja alifungua magurudumu ya lori lake akayatumbukiza kisimani. Mwingine alizika pikipiki mbili shambani, akapanda majimbi juu yake siku hiyo hiyo. Baba yangu alikuwa na gari dogo jekundu la Kiitaliano, la viti viwili, lisilo na paa ila turubai la kukunja, gari la kukimbia na kujionyesha, si la kubebea maharagwe. Aliachiwa na Mgiriki mnunuzi wa kahawa ambaye baba alikuwa fundi wake, wakati wageni walipopokonywa biashara zao na kuondoka nchini. Ni gari hilo lililompeleka mama kanisani siku ya ndoa yao, baba mwenyewe akiendesha.

Ghala letu lilikuwa limejaa chumvi ya Katwe, ile ya mabonge inayovuka kutoka Uganda, ambayo mama aliiuza sokoni. Nikasema: tulisukume gari mpaka ukutani, tupange magunia ndani yake na juu yake mpaka lisionekane. Hakuna askari anayekimbia ambaye atajitwisha gunia la chumvi. Walinisifu wote. Na kweli askari walikuja, wakapiga teke magunia mawili, mmoja akalamba kidole, wakaondoka na redio na mbuzi wetu wawili. Nilijivuna kwa jambo hilo miaka mitatu mizima. Nililisimulia arusini, nililisimulia matangani.

Sisi ni watu wa milimani, bahari tunaisikia tu. Kwetu chumvi ni kitu cha sufuria na cha ng'ombe. Misumari ya ghala lile ilikuwa ikikatika kila mwaka, na kila mwaka tulimlaani aliyetuuzia misumari. Hakuna hata mmoja aliyeitazama chumvi.

Vita ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza kabla hatujavuta pumzi. Wakubwa wapya waliingia, bendera zikabadilika, na magari yakaendelea kuchukuliwa, kwa hiyo la kwetu likabaki palepale. Magunia yaliuzwa, mapya yakaletwa, mengine yakiwa yameloa mvua ya njiani. Katika miaka hiyo macho ya baba yaliingia ukungu mweupe. Daktari wa macho alikuwa katika mji ambao barabara yake haikupitika, basi ukungu ukazidi mpaka baba akawa anatujua kwa sauti na kwa hatua. Alikuwa fundi, akaanza kutumia mikono kufanya kazi ya macho, na hakutaka kuhurumiwa.

Kisha ikafika miaka ishirini na tano ya ndoa yao. Parokia yetu huwa inafanya misa ya jubilei kwa wanandoa kama hao, nao huingia kwa shangwe kama maarusi wapya. Tuliketi mezani kupanga mambo, nikiwa mimi mtoto wao wa kwanza, mshonaji wa nguo, mwenye cherehani ya miguu na hasira za karibu. Mama akasema neno moja tu.

"Siku ya ndoa nilifika ku kanisa mu ile gari. Ku jubilé pia nataka kufika mu ile ile. Kama hapana, nitaenda na miguu."

Baba akanigeuzia uso. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo ameniita hivyo tangu nizaliwe. "Mama yangu, gari iko muzima?"

"Iko muzima, Papa. Mi mwenyewe niliificha."

Sikudanganya. Niliamini. Asubuhi yake niliingia ghalani kuondoa magunia, nikafika lile la mwisho, lililolala mbele ya kiti cha abiria, mahali ambapo miguu ya mama ingekanyaga. Nililivuta, likagoma. Nikalivuta kwa hasira, likaja, na sakafu ya gari ikaja nalo, imegandamana chini ya gunia kama ukoko wa bugali. Pale ilipokuwa sakafu nikaona udongo wa ghala. Niligusa boriti la chini ya mlango kwa kidole gumba, kidole kikaingia mpaka fundo. Kutu ilikuwa imekula sakafu, maboriti, pembe za milango, na mgongo wote wa gari nyuma ya viti ambako magunia yalipangwa juu kwa juu. Mbele tu, ambako baba alikuwa amepaka grisi tele kwenye injini na kila kilichoizunguka, palikuwa pamepona.

Niliketi juu ya chumvi nikahesabu siku za kufika jubilei. Ilibaki miezi minne.

Mtu mwenye akili angeenda kumwambia baba. Mimi nilikwenda kununua mastiki, ule uji mzito ambao mafundi wetu hujazia mabonde ya bati kabla ya kupaka rangi. Nilijiambia kwamba kazi ya kuziba matundu naijua kuliko mtu yeyote Butembo, maana ndiyo inayonilisha. Nikakata vipande vya kitambaa cha kaki, nikavilowesha kwa mastiki, nikavipandanisha tabaka juu ya tabaka, nikasugua kwa msasa, nikapaka rangi nyekundu. Wiki mbili. Likawa zuri hata nikaogopa kuligusa. Nikamshika baba mkono nikamleta ghalani, nikasimama pembeni nikingoja sifa.

Alipitisha kiganja ubavuni, polepole, akitabasamu. Kisha akakunja kidole na kugonga, kama mtu anayebisha hodi.

"Hapa ni chuma," alisema. Akasogea hatua moja, akagonga. "Hapa ni uji." Akasogea tena. "Uji. Uji. Hapa pia ni uji." Akainama, akagonga sakafu. "Donc miguu ya mama yako itakanyaga wapi?"

Nililipuka. Sijui kwa nini mtu mwenye kosa ndiye hupiga kelele zaidi, lakini nilimpigia baba yangu kelele kana kwamba ni yeye aliyemwaga chumvi ile. Nilimwambia yote, sakafu iliyotoka na gunia, kidole kilichoingia, mastiki, kaki. Nilisema gari limekufa, nimeliua mimi, na mama aende kwa miguu. Alisubiri mpaka nikaishiwa.

"Uliificha ku basoda," alisema, maana yake wale askari, "ukaipatia chumvi ikule." Alianza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla. "Sikia. Sitapandisha mama yako mu kitu chenye sijagonga mi mwenyewe. Kama inalia chuma, atapanda. Kama inalia uji, hapana. Leta makasi ya bati."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya, kwa kubomoa. Baba alinifundisha kwamba kutu haifunikwi, inakatwa, na inakatwa mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, hata kama moyo unauma. Nilikata. Kila nilipodhani nimefika, aligonga na kusema "bado", nami nikakata tena, mpaka upande wa kushoto wa gari ukabaki hewa tupu na mama akipita mlangoni anafanya ishara ya msalaba.

Lakini hewa ile ndiyo iliyoniokoa, maana nilipoitazama sikuona tena gari. Niliona vazi lililokatwa mkono. Nikachukua maboksi ya sabuni, nikayabandika kwenye tundu, nikachora kwa chaki, nikakata patroni kama ninavyokata ya blauzi, nikiacha nafasi ya mshono upana wa kidole. Baba alipapasa boksi lile pembeni hadi pembeni.

"Nani alikuambia uache hii kando?"

"Ni ya mushono, Papa. Bila hii utashona wapi?"

Alinionyesha jinsi ukingo wa bati unavyokunjwa ili kipande kiwe kigumu kisipepee, nami nikamwambia hilo kwetu ni pindo, nalijua tangu nina miaka kumi. Alinishika kifundo cha mkono wenye nyundo, tukagonga pamoja, vipigo vidogo vidogo, bila haraka. Nilikuwa sijawahi kushikwa mkono na baba kwa muda mrefu hivyo tangu nijifunze kuandika.

Bati la sokoni lilikuwa jepesi mno, la kuezekea vyoo. Baba alitaka bati la pipa la mafuta ya ndege, na mapipa hayo yalipatikana Beni. Vilevile ilihitajika carbure, yale mawe ya kijivu ambayo yakiguswa na maji hutoa gesi ya kuchomelea, maana umeme mjini kwetu haukuwapo. Nilikwenda Beni mwenyewe, nikapata pipa zuri na kidumu cha carbure, nikarudi juu ya lori la mihogo. Tulipofika Kalunguta mvua ikashuka. Nilikifunga kile kidumu kwa plastiki mbili, nikakikumbatia chini ya kitenge kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanyooshea bunduki tumbo langu.

"Njo nini unaficha mule?"

"Carbure, chef."

"Fungua."

Alikuwa na sigara mdomoni. Hasira yangu, ambayo imenikosesha mengi maishani, siku hiyo ilinifaa. "Chef, maji ikiingia mule, inatoa gaz, na wee uko na moto ku kinywa. Fungua wee mwenyewe. Mais niache kwanza nishuke niende mbali, niko na mama anafanya jubilé."

Watu waliokuwa juu ya mihogo walianza kuruka chini mmoja mmoja. Askari alinitazama, akatazama kidumu, akatoa sigara, akatupungia tuondoke. Nilicheka peke yangu mpaka Butembo, nimeloa chepechepe, mawe yangu makavu.

Kuchomelea nilijifunza kwa rafiki wa zamani wa baba, fundi wa mabati mtaa wa pili, mzee mkimya aliyekuwa na mtungi wa gesi wa kujitengenezea. Alikuja uani kwetu na vifaa vyake, akaniwekea miwani myeusi, akangoja nikosee. Nilishikiza kipande cha kwanza kwa vidoti, hapa kimoja, kule kimoja, nikizunguka, kisha ndipo nikajaza katikati. Aliinua uso.

"Nani alikufundisha kushikiza mbele ya kushona? Banafunzi yangu banachoma mustari moja, tôle inapinda yote," alisema, yaani bati.

"Ni kitambaa, mzee. Ukivuta upande moja, inakunjamana."

Kuanzia hapo aliniazima vifaa na kukaa pembeni akinywa chai. Mimi nikashona. Niliwashonea wateja asubuhi na gari alasiri, na kazi hizo mbili wakati mwingine nikazichanganya, nikakuta nimemchorea mwalimu mmoja sketi kwenye boksi la boriti.

Kila kipande, baba aligonga. Hakunionea huruma hata kidogo. Boriti la mlango wa mama lilikatwa mara tatu. Mara ya tatu niliirusha nyundo juu ya ua ikampiga kuku wa jirani, nikalazimika kwenda kuomba msamaha nikiwa na masizi usoni. Nilirudi nikakata upya. Baba akagonga, akaweka sikio, akagonga tena. "Inalia," alisema. Neno hilo moja nililibeba kutwa nzima kama zawadi. Sakafu ililia. Pembe za milango zililia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata nilipomaliza nguo ya arusi ya kwanza katika maisha yangu.

Kelele za nyundo hatimaye zilimleta askari, mrefu kuliko mlango, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi. Alitaka kujua gari la nani, tena kwa nini hatukulitangaza. Alifungua mlango, akaingia kujaribu, magoti yakamfika kidevuni, kiatu chake kikabana kati ya pedali mbili kisitoke. Alitazama nyuma ya viti akitafuta mahali pa kupakia kitu chochote, hakupaona.

"Oyo eza motuka te, eza jouet!" alisema kwa Kilingala, kwamba si gari bali kichezeo cha mtoto, na tulimvua kiatu ili aweze kutoka. Baba alikasirika siku mbili kwa tusi lile. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kila sentimita aliyolinyima gari hilo.

Mwisho ulibaki mgongo, lile bati pana nyuma ya viti, mahali turubai linapokunjiwa. Nililiacha kwa sababu lilikuwa na mviringo na nililiogopa. Wiki ya mwisho baba alishikwa na malaria, akalala bila nguvu ya kuinua kichwa, mzee mwenye gesi akaitwa msibani Lubero. Nikafanya peke yangu. Patroni, pipa, pindo, vidoti. Niligonga mwenyewe kwa kidole, nikaweka sikio, lakini sikio langu lilitaka sana kusikia chuma na sikuliamini. Nilipaka rangi Ijumaa.

Jumapili ya jubilei baba aliamka, amekonda, amevaa koti la arusi lake ambalo nililipunguza kiunoni. Mama alitoka na kitenge cheupe chenye maua ya dhahabu. Jirani wote walikuwa uani. Injini ikawaka mara ya pili. Mama akaingia, akakanyaga sakafu kwa kisigino, akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, naye si mwanamke mwembamba, akasema, "Iko nguvu." Nikashika usukani. Hapo ndipo sote tulipotazamana.

Viti viwili. Miezi minne, watu watatu wenye akili timamu, na hakuna aliyehesabu viti. Siku ya ndoa baba aliendesha mwenyewe. Sasa hakuweza, bila dereva gari haliendi, na maarusi ni wawili. Nilihisi machozi ya hasira yakinipanda. Nilianza kusema tumtafute mtu wa kumleta baba kwa pikipiki, mama akasema kama ni hivyo yeye anashuka, nikampandishia sauti mama yangu siku ya jubilei yake.

"Nyamaza, mama yangu," alisema baba. "Mi nitaikala nyuma."

"Papa, kule haujagonga."

"Najua."

"Ulikuwa mugonjwa. Nilifanya mi peke yangu. Gonga kwanza, Papa, tafazali."

Alikuwa amekwisha kufika nyuma ya gari akifuata ukingo kwa mkono. Kidole chake kilikuwa juu ya bati. Hakukikunja. Aligeuka, akaweka viganja viwili, akajiinua, akakalia mgongo ule kwa uzito wake wote, miguu kati ya viti, mkono mmoja bega la mama na mmoja bega langu.

"Twende," alisema.

Barabara ya kwetu haijawahi kuwa barabara. Kila shimo nilingoja mlio wa kuraruka nyuma yangu. Nilisikia gari, nikasikia vigelegele vya wanawake waliokuwa wakitoka misa ya kwanza, nikasikia pikipiki zikitufuata na honi, na kwenye kizuizi karibu na soko nikasikia askari wakipiga makofi. Nyuma yangu nilisikia baba akiimba wimbo wa kuingilia kanisani, sauti mbaya, ya mtu aliyetoka kitandani, na mama akimpokea. Tulipoingia uwanja wa parokia, vumbi lilitupita mbele na watu wakatuzunguka.

Mama alishuka. Baba akakataa kushuka. Alitaka wamsalimie palepale juu, mmoja mmoja. Katibu wa parokia, aliyezaliwa Beni na aliyejua mafundi wote wa pande zote mbili, aliuliza tolier, yaani fundi wa bati, ni nani, maana na yeye alikuwa na gari lililooza.

Baba alinyoosha mkono mbele akanigusa kilemba. "Ni huyu."

"Mushonaji?"

"Ni huyu," alirudia kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Kisha akapapasa bati alilokalia. "Hii hata sikuigonga. Niliikala tu."

Nilizima injini. Nililia mbele ya parokia nzima, mikono yenye masizi ya pipa usoni, na sikuona haya hata kidogo.